Kufuli kwenye Foleni

Alhamisi, 6 Februari

Leo nimeanza upya somo nililolimaliza vibaya mwaka jana. Darasani tulijaa mpaka madirishani, na katika wote hao mimi peke yangu ndiye niliyejua kiti kipi kina mguu mbovu.

Mhadhiri ni yuleyule. Wanafunzi wanamwita Mama Kanuni, kwa kuwa hamalizi sentensi bila kanuni ndani yake. Aliingia, akaweka mkoba mezani, akauliza, "Nani hapa anaweza kupika chai ya watu wawili?"

Mikono yote juu.

"Na nani anaweza kupika chakula cha shule nzima, wapishi wako kumi, kila mmoja anaingia jikoni kwa saa yake, na hawaonani?"

Mikono ikashuka. Akasema basi hilo ndilo somo. Programu ndogo mtu anaiandika peke yake na inamkaa kichwani. Programu kubwa inaandikwa na watu wengi, inaendelea kuishi baada ya wao kuondoka, na kila anayeingia jikoni lazima aweze kujua kama chumvi imeshatiwa bila kumpigia simu aliyetoka. Wenzangu walicheka. Mimi niliucheka mzaha huo mwaka jana na haukunisaidia kitu.

Nimenunua daftari hili kwa sababu moja: mwaka huu kila litakalotokea litakuwa na tarehe.

Ijumaa, 7 Februari

Jana niliandika kwa hasira, nikaruka lililo muhimu.

Mwaka jana kompyuta yangu ilikufa katikati ya muhula. Nikaandika sehemu yangu yote kwenye kompyuta ya mwenzangu wa kikundi, tumekaa meza moja, yeye anachezea simu. Nilijua, lakini sikutilia maanani, kwamba kila mstari unaoingia kwenye ghala la pamoja la kikundi huwekewa jina la mwenye kompyuta, tarehe na saa. Wenyewe wa kompyuta wanaiita historia. Hata ukifuta mstari, historia inaandika kwamba umefuta. Siku ya mwisho Mama Kanuni aliifungua ukutani, sote tukiona. Jina la yule bwana lilijaa kila mahali, langu halikuwapo hata kwa dawa.

"Na huyu dada alifanya nini?" akamuuliza.

Yule bwana akaangalia dari. "Alikuwa anatusaidia saidia," akasema.

Yeye amehitimu. Mimi nikifeli tena chuo kinaniondoa, hakuna mara ya tatu. Nitarudi dukani kwenye mashine ya malipo, nilikokaa miaka sita nikiambiwa na kila mtu kwamba nina akili ya kusoma. Chumba ninachokaa ni cha dada yangu, aliyenikaribisha "mpaka umalize". Shemeji hajawahi kusema lolote kuhusu chumba hicho, na ukimya wake siupendi.

Alhamisi, 13 Februari

Tumegawanywa. Kikundi chetu kina watu wanne, na kazi yetu ni mfumo wa zahanati ya chuo: mgonjwa anaandikishwa, anaingia kwenye foleni, daktari anamwita, kumbukumbu zake zinahifadhiwa.

Kiongozi ni kijana tunayemwita Mchungaji. Hana kanisa wala kondoo, ila akipewa nafasi ya kufungua kikao anatoa mawaidha mpaka chai inapoa. Yeye kachukua uandikishaji. Binti mmoja, Kiherehere, ambaye mdomo na vidole havijui kupumzika, kachukua skrini, yaani kile ambacho nesi na mgonjwa watakiona. Wa tatu ni Mkimya. Kachukua kumbukumbu. Kikao kizima alisema "sawa" mara mbili na "kwa nini?" mara moja. Mimi nimechukua foleni: nani aingie kwanza, nani asubiri. Foleni nimeitazama ana kwa ana miaka sita, hakuna wa kunifundisha.

Kwa umri nawapita mbali, kwa hiyo wananiita Dada, tena kwa heshima mno. Dukani walioniheshimu namna hiyo ndio waliokuwa na kitu mfukoni ambacho hawajakilipia.

Alhamisi, 20 Februari

Kanuni ya leo ni kusomeana. Hakuna msimbo, yaani maandishi tunayoiandikia kompyuta, unaoingia kwenye ghala kabla mwenzako hajausoma na kubonyeza "sawa". Mama Kanuni anasema jicho la aliyeandika limeshazoea makosa yake.

Aliyesoma wangu ni Mkimya. Amenirudishia foleni yangu ikiwa na maoni mengi kuliko msimbo wenyewe. Hakuna salamu wala nini. "Hii inafanya nini?" "Kwa nini hapa?" "Jina hili lina maana gani?" Mtu anayetaka kukujua anauliza habari za nyumbani. Huyu anauliza kila kitu kimewekwa wapi.

Ijumaa, 21 Februari

Nimemjibu yote. Kwa ufupi.

Alhamisi, 27 Februari

Nimefungua ghala asubuhi nikakuta foleni yangu imekonda. Ile sehemu ya kuwapanga wanaochelewa, niliyoihangaikia wiki nzima, imebaki mistari michache, na jina lililo kwenye mistari hiyo si langu. Ni la Mkimya. Inafanya kazi ileile. Nisiseme uongo, inafanya haraka zaidi.

Nilimfuata maabara ya kompyuta.

"Mdogo wangu, umegusa foleni."

"Ndiyo. Niliandika kwamba nimegusa, Dada. Mchungaji akasoma akapitisha. Hukuona?"

"Nani kakwambia uguse?"

"Ilikuwa ndefu. Sikuielewa."

"Kama huielewi si uniulize?"

"Nilikuuliza. Ukajibu 'ndivyo ilivyo'."

Halafu akaangalia dari. Nimeiandika na saa: saa nne na robo asubuhi.

Jumatatu, 3 Machi

Nimemkuta shemeji chumbani kwangu na utepe wa kupimia wa dada, ule anaotumia kwenye ushonaji. Anapima ukuta. Akasema anaangalia kama umeingia unyevu. Sijawahi kuona unyevu ukipimwa kwa utepe.

Alhamisi, 6 Machi

Joto la kuua. Kanuni ya leo ni majaribio: programu ndogo zinazoikagua ile kubwa kila inapobadilishwa, ili mtu akivunja kitu ajue palepale. Nilirudi nyumbani nikafungua ghala. Mkimya ameshaandika majaribio ya foleni. Ya foleni yangu. Tena mazuri. Kwa kasi hii, siku Mama Kanuni akifungua historia ukutani, foleni itakuwa ya Mkimya na mimi nitakuwa nilikuwa namsaidia saidia.

Jumamosi, 8 Machi

Nilipita maabara kuchukua chaja niliyoisahau. Wako ndani wote watatu, vichwa vimeinamia kompyuta moja, Kiherehere anacheka. Niliposukuma mlango kicheko kilikatika kama umeme.

"Dada! Karibu," Mchungaji akasema, akisimama. "Tulikuwa tunapitia pitia tu."

"Kikao cha nini?"

"Si kikao."

Sikukaa. Mtu asiyealikwa hakai.

Jumamosi, 15 Machi

Leo nimeweka kufuli. Naliandika hapa na si mahali pengine.

Ndani ya foleni, katikati ya mistari ya kuhesabu saa ambayo hakuna mwenye hamu ya kuisoma, nimeficha mlinzi mdogo. Anajua foleni yangu ilivyo. Mtu akibadilisha hata herufi moja bila kuweka neno langu la siri, foleni inajibu kwamba hakuna mgonjwa. Watu watajiandikisha, skrini itabaki tupu, na aliyegusa ataamini kaharibu yeye mwenyewe. Atanifuata. Nami nitaitengeneza mbele ya wote, na jina litakuwa langu.

Nimejiuliza kama ni ubaya. Nimejijibu kwamba ni kufunga mlango wa chumba chako, na hakuna anayelaumiwa kwa kufunga mlango.

Jumatatu, 17 Machi

Kufuli nalo lilihitaji msomaji. Sheria haisemi asome nani, kwa hiyo nilimpelekea Kiherehere. Nilimvizia wakati wa mapumziko, karanga mkono mmoja, simu mkono wa pili, anaongea na watu wawili kwa wakati mmoja. Badiliko nimeliita "marekebisho madogo ya saa". Alishusha kidole kwenye skrini kuanzia juu mpaka chini, akatafuna, akabonyeza "sawa".

"Umeshamaliza?"

"Mimi tena, Dada!" akasema, akanipa karanga.

Nilizila. Niliona haya kidogo, kisha zikaisha.

Alhamisi, 20 Machi

Imefanya kazi. Nilikuwa nimekaa meza ya nyuma nikijitia nasoma. Mkimya akagusa foleni, akaendesha mfumo, skrini tupu. Akaendesha tena. Tupu. Nikasubiri aje, maneno ya kumjibu nilikuwa nimeshayapanga: pole mdogo wangu, foleni ina mambo yake, mwachie mwenyewe.

Hakuja. Aliitazama skrini kitambo, akamtazama Kiherehere, akarudisha kila kitu kama kilivyokuwa na kwenda kunywa maji. Kuanzia hapo hajagusa tena.

Nimeshinda, na bado sijatulia. Mtu aliyeshindwa hulalamika.

Jumanne, 25 Machi

Mvua imeanza. Umeme hakuna.

Jumatano, 26 Machi

Mvua. Umeme hakuna. Dada yangu ameshona kwa mkono kutwa, na ulimi wake umeota makali.

Alhamisi, 3 Aprili

Mama Kanuni ametangaza mtihani wa mwisho, na haufanani na wa mwaka jana. Anauita Siku ya Kutoka. Kila kikundi kitaingia chumba chake. Atamchagua mtu mmoja na kumtoa nje, akakae kwenye benchi bila simu. Waliobaki watapewa badiliko la kufanya kwenye sehemu ya yule aliyetolewa, na lazima mfumo ufanye kazi kabla muda haujaisha. Wakiweza, wamefaulu wote, pamoja na aliye nje. Wakishindwa, wameshindwa wote. Aliye nje akiwapelekea waliomo ndani neno au ishara yoyote, kikundi kizima sifuri.

Darasa likawaka. Mmoja akasimama. "Mwalimu, si haki mtu kufeli na yuko nje!"

"Siku moja utaumwa," Mama Kanuni akasema. "Utazaa. Utahama kazi. Wagonjwa wa zahanati wakusubiri wewe?"

Akimtoa Mkimya, Mchungaji au Kiherehere, mimi nimo ndani na kufuli langu halina shida. Akinitoa mimi, badiliko litakuwa kwenye foleni. Wataigusa. Skrini itakuwa tupu, na mimi nitakuwa kwenye benchi nikitazama mvua.

Kila mtu anasema atawatoa viongozi. Ndivyo hata mimi ningefanya.

Ijumaa, 4 Aprili

Nimekaa kutoa kufuli, nikashindwa. Si kwa ugumu wake, ni dakika chache tu. Lakini kulitoa nako ni badiliko. Lazima mtu alisome, na historia itaandika: tarehe fulani, Dada kaondoa kitu hiki. Atakayetaka kujua kitu gani atalifungua na kuona kila kitu, pamoja na lile jina la uongo la "marekebisho madogo ya saa". Mchana kutwa nimetafuta njia ya kulitoa bila kuonekana, na njia haipo. Historia niliyoililia mwaka jana kwamba hainijui, sasa inanijua vizuri mno.

Alhamisi, 10 Aprili

Nimemwona Mkimya akitoka ofisini kwa Mama Kanuni. Hakuwa na karatasi, hakuwa na kompyuta, na alifunga mlango taratibu kwa mikono miwili. Aliponiona akageuza njia.

Ameshanisema. Sina ushahidi, ila mgongo wa mtu aliyetoka kukusema hauhitaji ushahidi.

Jumamosi, 12 Aprili

Mambo mawili leo.

Asubuhi shemeji alinikalisha sebuleni, akakohoa, akasema kwamba ana mzigo wa vipuri vya pikipiki unakuja na hana pa kuuweka, na je, nikimaliza muhula, nina mpango gani na kile chumba. Dada akamtolea macho. Mimi nilikaribia kumshukuru. Basi ule utepe haukuwa wa unyevu, na mimi sina wazimu. Machale yangu yanafanya kazi.

Mchana nilipita maabara. Wale watatu tena, bila mimi. Safari hii nilisimama dirishani. Mchungaji ndiye aliyekaa kwenye kibodi, Mkimya kasimama nyuma yake kakunja mikono, Kiherehere anaangalia saa kwenye simu. Mchungaji kwenye kibodi, ambaye hata majaribio yake huwa anaandikiwa! Sikuona wanafanya nini, mvua ilikuwa inapiga kioo. Nikaondoka nimelowa.

Alhamisi, 24 Aprili

Kikao. Mchungaji aliomba kila mmoja awaeleze wenzake sehemu yake. Nilieleza foleni yote, mstari kwa mstari, isipokuwa pale. Kiherehere aliitikia kwa kichwa kila nilipopumua. Mkimya aliandika, na hakuuliza "kwa nini" hata mara moja. Nilitamani aulize.

Alhamisi, 1 Mei

Sikukuu. Nimelala.

Jumanne, 6 Mei

Nilimsimulia dada. Si yote, nilisema kuna watu wananizunguka na mimi nimejilinda, na sasa ulinzi wenyewe unanitisha. Alikuwa anatia uzi kwenye sindano, akaacha.

"Hao watoto wamekufanya nini?"

"Bado."

"Bado nini?"

"Bado hawajanifanya."

Dada yangu ni mkubwa wangu kwa miaka mitatu na ananijua mpaka ndani ya mfupa. "Tangu mama alipofariki," akasema, "wewe ukipewa maji unanusa kwanza. Sikulaumu. Lakini ikiwa hawana nia mbaya?"

"Basi watakuwa wa kwanza."

"Na mimi je?"

Nilitoka nje. Nimekosa adabu, najua. Kesho nitawaambia wenzangu kuhusu kufuli.

Jumatano, 7 Mei

Sikuwaambia. Mchungaji alikuja peke yake kwenye kiti changu, akaniuliza kama kuna chochote ambacho kikundi kinapaswa kujua kabla ya mtihani wa kesho, chochote kile. Aliuliza kwa upole hivi kwamba niliona ananipaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Nikasema hakuna.

Alhamisi, 8 Mei

Nitaandika lote, mkono ukichoka nitaupumzisha.

Tuliingia chumba chetu, cha mwisho kwenye korido. Mvua kubwa, madirisha yamefungwa, sote tunanuka nguo mbichi. Mama Kanuni akaingia na bahasha. Nilikuwa nimeshaanza kumtazama Mchungaji kwa huruma.

"Watu wananiuliza nachagua vipi," akasema. "Nafungua historia. Natafuta sehemu ambayo jina la mtu mmoja limekaa peke yake kwa wiki nyingi. Huyo ndiye ninayemtoa. Dada, simu mezani. Twende."

Foleni. Tangu Mkimya aache kuigusa, kila kilichoongezwa pale kilikuwa na jina langu tu. Nililipigania jina hilo muhula mzima, na sasa ndilo limenitoa.

Nilinyanyuka. Mkimya aliangalia dari. Kiherehere akanigusa mkono nilipompita, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakusema kitu.

Benchi liko kando ya mlango. Mlango una kioo kidogo, ukikaa unaona mgongo wa mtu mmoja tu, nao ulikuwa wa Mchungaji. Kupitia mlangoni nilimsikia Mama Kanuni akisoma badiliko: mtoto mwenye homa kali apite mbele ya watu wazima. Badiliko rahisi, ningelifanya nikiwa nakunywa chai. Lakini linakaa katikati kabisa ya foleni. Herufi ya kwanza watakayoandika, kufuli litafunga, skrini itasema hakuna mgonjwa, na wao watatu watatafuta kosa mahali ambapo kosa halipo mpaka muda uishe.

Mama Kanuni akatoka, akafunga mlango, akaanza kutembea kwenye korido, huku na huku, mikono nyuma.

Nilifikiria chuo. Nilifikiria mashine ya malipo na mlio wake, na vipuri vya pikipiki mahali pa kitanda changu. Haya nilikuwa nimeyafikiria muhula mzima na nimeyazoea. Nisichokizoea ni kumfikiria Mchungaji, ambaye ndiye wa kwanza kwao kufika chuo na ameshatuonyesha picha ya suti atakayovaa. Mgongo wake pale kwenye kioo ulikuwa umeinama. Alijikuna kichwa. Nikajua skrini imeshakuwa tupu. Nikajua wanaendesha tena na tena, na kila mmoja anajiona mjinga kwa kosa nililolitengeneza mimi, Jumamosi moja, nikijiona mwerevu.

Nikiwapigia mlango, sifuri. Nikikaa kimya, wamefeli. Nilisimama, nikamzibia Mama Kanuni njia.

"Mwalimu, niandikie sifuri."

"Nini?"

"Mimi peke yangu. Nimeficha kitu ndani ya foleni. Kitawazuia, na si kosa lao. Niondoe mimi, wao uwape mtihani mwingine siku nyingine."

"Unajua sifuri kwako maana yake nini? Wewe unarudia."

"Najua."

Alinitazama usoni hadi nikaona aibu ya kutazamwa. Nilitegemea atakasirika. "Kaa," akasema. "Muda wao haujaisha." Akaendelea kutembea.

Nilikaa. Nililia, na sioni sababu ya kuficha hilo kwenye daftari langu mwenyewe. Nililia kimyakimya, mvua ikinisaidia kwa kelele zake, na machozi hayajakauka mlango ukafunguliwa. Ni Mchungaji. Kajaa mlangoni, shati limemganda.

"Mwalimu, njoo uone."

Waliniita na mimi. Kwenye skrini kulikuwa na foleni: watu wazima wanne, na juu yao mtoto mwenye homa. Majaribio yote yamepita. Muda ulikuwa bado upo. Mama Kanuni akabonyeza hapa na pale, akafungua historia, akasoma kitu kwa muda, akafunga. "Mmefaulu," akasema. Kisha akaniambia mimi, kwa sauti ileile ya darasani, "Wewe utapata alama ya chini kabisa inayovusha. Unajua kwa nini." Akaenda chumba kingine.

Tukabaki wanne. Hakuna aliyekuwa anaruka kwa furaha.

"Kulikuwa na kitu ndani," nikaanza. "Niliweka..."

"Kufuli," Mkimya akasema. "Tunalijua."

"Mmeliona leo?"

"Mimi nililiona siku ileile," Kiherehere akasema. "Siku ya karanga."

"Ulishusha kidole tu!"

"Dada, mimi nasoma haraka."

Nilitafuta pa kukaa. Akaendelea, na hakuwa anatania. "Nilitaka kukukatalia. Nikaona nikikukatalia utaliweka mahali pengine ambapo sitaliona. Hili angalau tulijua liko wapi."

"Tangu mtihani utangazwe, kila Jumamosi tulikuwa tunafanya mazoezi ya kulitoa," Mchungaji akasema. "Kila mmoja kwa zamu, kwa saa, mpaka hata mimi nikaweza. Jana nilikuja kukuuliza. Nilikuwa nakuombea useme."

Nikamgeukia Mkimya. Sikuwa na haki ya kuuliza, lakini kichwa changu hakiniachi. "Na ofisini kwa Mama Kanuni ulikwenda kufanya nini?"

Hakuangalia dari. "Kuomba nihamishwe kikundi. Kwa sababu yako. Kila nikikuuliza kitu ulikuwa unanijibu kama nimekuja kuiba. Akakataa. Akasema kazini sitachagua wa kukaa naye. Kuhusu kufuli sikumwambia."

"Kwa nini?"

Akainua mabega. Mchungaji akaanza kukusanya nyaya. Mimi nikasimama pale katikati ya chumba, na mvua ilikuwa imepungua kiasi kwamba tulisikiana hata tukipumua. Sikuwaambia nililomwomba Mama Kanuni kwenye korido. Ningewaambia ingekuwa kama nadai kitu.

Ni Kiherehere aliyeuliza. Aliuliza kweli, kama mtu anayetaka kujua, ananitazama machoni.

"Dada, hivi ulidhani tutakufanya nini?"

Nilifungua mdomo. Nilikuwa na tarehe zote, na saa, na dari, na vicheko vilivyokatika. Nikatafuta kitu kimoja cha kumwambia.

Ijumaa, 16 Mei

Matokeo yamebandikwa. Nimevuka, mtu wa mwisho kwenye orodha ya waliovuka. Dada alipiga vigelegele mpaka majirani wakatoka, shemeji akanipa mkono na kuuliza basi nitabaki mpaka lini. Wananisifu kwamba nimepambana. Sikuweza kumwambia hata mmoja wao kwamba watu watatu waliujua ubaya wangu tangu Machi, hawakunisema, wakaupangia kazi kama wanavyojipangia kwa umeme unaokatika, na kila Jumamosi wakakutana kujifunza namna ya kunivusha pamoja nao.

Kiherehere bado sijamjibu.